Losheni ya Mtoto: Maneno Yapi Yana Uzito?

Londiani, katika kaunti ya Kericho nchini Kenya, ni mji wa baridi. Uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na mvua inapokatika kuanzia Desemba hadi Februari, upepo mkavu wa mchana na baridi ya usiku huifyonza ngozi maji. Anayeumia kwanza ni mtoto mchanga. Tabaka la juu la ngozi yake ni jembamba kuliko la mtu mzima kwa karibu theluthi moja, hupoteza maji haraka, na katika wiki za mwanzo bado halijajenga asidi ya kutosha inayozuia vijidudu. Tena, ukilinganisha na uzito wake, mtoto ana ngozi nyingi kuliko sisi. Anachopakwa kinaweza kumwingia mwilini kwa kiasi kinachohesabika.

Kwa hiyo mama, baba au kogo (bibi) anayelea mjukuu hapa kwetu, akishika simu kutafuta mafuta ya mtoto, ana haja ya kweli. Anachokutana nacho ni maneno mengi na matamu, na bei inayopanda kadiri maneno yanavyozidi utamu. Katika kazi ya famasia tunajifunza kupima dawa kabla ya kuitoa. Naamini mzazi naye anaweza kujifunza kupima maneno kabla ya kulipa.

Kipimo chenyewe ni kimoja. Sentensi ya muuzaji ina uzito ikiwa inaweza kukanushwa. Ikiwa inasema jambo ambalo mtu mwingine anaweza kulipima na kukuta si kweli, muuzaji amejifunga kwa maneno yake. Ikiwa hakuna namna yoyote ya kumshika, hajakuambia kitu. Karani wa kituo cha kununulia majani chai huko Bomet hamsikilizi mkulima anayesifu shamba lake. Hufungua mfuko, akaangalia kama kuna majani mawili na chipukizi, na akikuta majani magumu huyarudisha. Maneno ya losheni nayo yafunguliwe hivyo.

Tuchukue tangazo nililolitunga mwenyewe kwa kufuata mtindo uliozoeleka:

"Ngozi ya mwanao inastahili upendo. Losheni yetu ni ya asili kwa asilimia 100, haina kemikali wala parabeni. Ina dondoo la chai kutoka nyanda za juu. Imepimwa na madaktari wa ngozi na ni haipoalejeniki. Hulainisha ngozi kwa saa 24 na kuzuia ukurutu."

Sentensi ya kwanza haina uzito wowote. Hakuna anayepinga kwamba mtoto anastahili upendo. Kazi yake ni kumfanya mzazi ahisi kwamba asiponunua amempungukia mwanawe. Ipite.

Ya pili ina madai matatu. "Haina kemikali" ni uongo papo hapo, kwa sababu maji ni kemikali, na mafuta ya alizeti pia. "Ya asili" haijibu swali la usalama. Siwot, ule mmea unaowasha ambao kila mtoto wa Kipsigis anaujua, ni wa asili kabisa. Hata mafuta ya jikoni hayafanani. Watafiti wa Sheffield, Uingereza, walichapisha mwaka 2013 matokeo ya kuwapaka watu wazima waliojitolea mafuta ya zeituni na ya alizeti. Ya zeituni yalidhoofisha kinga ya ngozi, ya alizeti hayakuidhoofisha. Yote mawili ni ya asili, na yote mawili huuzwa kwa sifa hiyo moja.

Dai la parabeni linahitaji maelezo kidogo, maana limewatisha wazazi wengi. Parabeni ni vihifadhi. Losheni yoyote yenye maji itaota ukungu na bakteria isipotiwa kihifadhi, na losheni iliyooza ni hatari zaidi kwa mtoto kuliko kihifadhi chenyewe. Watengenezaji walipoanza kuziacha parabeni kwa kuhofia wateja, wengi walikimbilia kihifadhi kingine kiitwacho methilisothiazolinoni. Kikaleta mzio kwa watu wengi kiasi kwamba chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi kilikitaja kuwa kileta mzio cha mwaka 2013, na Umoja wa Ulaya ukakipiga marufuku mwaka 2017 katika vipodozi vinavyoachwa mwilini bila kuoshwa. Mwaka 2019 chama kilekile kilizitaja parabeni kuwa miongoni mwa vihifadhi visivyoleta mzio kwa urahisi. Hilo halimaanishi kwamba kila parabeni inafaa kila mahali. Tangu 2015 Ulaya imezuia aina mbili, propilparabeni na butilparabeni, katika bidhaa za kupaka sehemu za nepi kwa watoto wa chini ya miaka mitatu. Unaona tofauti: sheria inataja aina, mahali pa kupaka na umri. Tangazo linataja hofu tu.

"Haina" nyingine zina maana. "Haina manukato" ni dai zuri, kwa kuwa manukato yako mstari wa mbele miongoni mwa vitu vinavyoleta mzio katika vipodozi, na unaweza kulihakikisha kwa kutafuta neno parfum au fragrance kwenye orodha ya viambato. "Haina talki" nalo lina uzito kwa poda, kwa sababu vumbi hilo likivutwa huumiza mapafu ya mtoto, na talki huchimbwa katika miamba inayoweza kuwa na asbesto ndani yake. Johnson & Johnson waliacha kuuza poda ya mtoto yenye talki duniani kote mwaka 2023, baada ya kesi nyingi mahakamani, huku kampuni ikishikilia kwamba poda yake ni salama. Mwaka 2024 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka talki katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani. Uliza basi: kitu kinachosemwa hakimo, je, kingekuwamo kingemdhuru mtoto wangu, na kwa njia gani?

Dondoo la chai linatugusa watu wa Kericho, na litauza. Lakini orodha ya viambato hupangwa kwa uzito, kizito kikitangulia, na vilivyo chini ya asilimia moja vinaweza kufuatana kwa mpango wowote. Chai ikikaa mwishoni, baada ya manukato, kuna uwezekano mkubwa kwamba imo kwa kiasi cha kutosha picha ya jani kwenye kopo. Geuza kopo kabla ya kusoma mbele. Kama mtandaoni hawaonyeshi orodha nzima, hiyo ni sababu tosha ya kutonunua.

"Imepimwa na madaktari wa ngozi" inasema kipimo kilifanyika. Haisemi kilitoa nini. Vipimo vya aina hii mara nyingi hufanywa kwa kubandika bidhaa kwenye ngozi ya watu wazima. Uzito unakuja pale muuzaji anapotaja idadi ya waliopimwa, umri wao, muda, na walioathirika ni wangapi. "Haipoalejeniki", yaani isiyoleta mzio kwa urahisi, ni dhaifu zaidi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa kanuni mwaka 1975 kuwataka watengenezaji wathibitishe neno hilo kwa vipimo. Kampuni mbili za vipodozi zikaenda mahakamani, na mwaka 1977 kanuni hiyo ikafutwa. Tangu hapo kila kampuni huko hulipa neno hilo maana inayoitaka.

Sasa tumefika kwenye "saa 24", na hapa nampongeza mwandishi wa tangazo. Unyevu wa ngozi hupimwa kwa chombo, kwa hiyo dai hili linaweza kukanushwa. Limebaki na maswali mawili. Ni unyevu zaidi ukilinganisha na nini? Ngozi isiyopakwa kitu itashindwa na karibu kila losheni. Mshindani wa kweli ni jeli ya kawaida ya petroli, ambayo ni rahisi, haina maji wala haja ya vihifadhi, na inazuia upotevu wa maji kwenye ngozi zaidi kuliko mafuta mengi ya bei ghali. Swali la pili: walipima wapi? Matokeo ya chumba chenye joto la wastani hayatabiri usiku wa Januari Londiani.

Dai la mwisho ndilo zito kuliko yote, na ndilo lililopimwa vizuri zaidi. Kwa miaka mingi wataalamu walitumaini kwamba kumpaka mtoto mafuta kila siku tangu kuzaliwa kungezuia ukurutu, yaani ekzema. Utafiti uitwao BEEP, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2020, uliwafuatilia watoto 1,394 wa Uingereza wenye hatari ya kuupata kwa sababu ya historia ya familia. Nusu walipakwa kila siku kwa mwaka mzima. Walipofika miaka miwili, asilimia 23 ya waliopakwa walikuwa na ukurutu, na asilimia 25 ya wasiopakwa. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuhesabiwa kuwa kinga, na waliopakwa waliripotiwa kupata maambukizi ya ngozi zaidi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likasema wazi kwamba haipendekezwi kuwapaka mafuta kwa kawaida watoto wachanga wenye afya waliozaliwa baada ya kutimiza miezi ili kuzuia magonjwa ya ngozi. 

Mtu asinielewe vibaya. Mtoto ambaye ngozi yake imekauka na kupasuka anahitaji kupakwa, na aliyekwisha kupata ukurutu husaidika sana na mafuta yasiyo na manukato. Kutunza ngozi iliyokauka ni jambo moja. Kuahidi kwamba ugonjwa hautakuja ni jambo jingine, na ahadi hiyo utafiti umeipinga.

Ahadi ya kuponya inatisha zaidi. Nchini Kenya vipodozi husimamiwa na Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, na dawa husimamiwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Bidhaa inayodai kuponya imejiita dawa, na inapaswa kusajiliwa kama dawa. Krimu isiyosajiliwa inayofuta vipele vya mtoto kwa siku mbili inapaswa kukutia wasiwasi kwa sababu ya kasi hiyo hiyo. Januari 2021, huko mkoa wa Fujian nchini China, krimu mbili za watoto zilikutwa na klobetasoli, steroidi kali mno, baada ya mtoto mmoja wa miezi mitano kuvimba uso na kunenepa kupita kiasi. Kopo halikuitaja. Upele wa mtoto ukienea, ukitoa maji au ukija na homa, nenda hospitali ya kaunti ndogo hapa Londiani au kituo cha afya kilicho karibu nawe, na usitafute jibu kwenye tangazo.

Huna haja ya maabara ili ujilinde. Bidhaa iliyotengenezwa nchini inapaswa kuwa na alama ya ubora ya KEBS na nambari ya kibali. Andika SM# ikifuatwa na nambari hiyo, utume kwa 20023, na utaambiwa kibali ni cha nani na kwa bidhaa gani. Gawa bei kwa gramu, kisha ulinganishe na jeli ya kawaida isiyo na manukato. Mafuta ya kukamulia ng'ombe, ambayo nyumba nyingi hapa hujipaka, yaache kwa chuchu za ng'ombe na mikono ya mkamuaji: baadhi yana manukato na dawa za kuua vijidudu. Halafu mwandikie muuzaji swali moja: mlipima kwa watoto wangapi, wa umri gani? Mwenye ushahidi hujibu kwa nambari. Asiye nao atakutumia sifa nyingine.

Swali hilo ni haki yako. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa, na kinalitaka Bunge litunge sheria kuhusu matangazo ya kweli na ya adabu. Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu ubora na manufaa ya bidhaa. Mwaka huo huo Kenya ilitunga sheria kali ya maziwa mbadala ya watoto, kwa kutambua kwamba tangazo linaweza kumtoa mtoto kwenye titi la mama. Ngozi yake nayo inahitaji macho ya namna hiyo.

Vijana wetu wa Kericho na Bomet wanaoanza kutengeneza mafuta ya mtoto, nawasihi waandike hivi: "Losheni hii ina maji, mafuta ya alizeti, glisarini na kihifadhi. Haina manukato. Inapunguza ukavu wa ngozi. Haizuii wala haitibu ukurutu. Ijaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono wa mtoto kwa siku mbili." Kila sentensi hapo inaweza kukaguliwa, na mzazi akikuta ni kweli mara ya kwanza, ana sababu ya kununua mara ya pili.