Orkestra iliyoshika nyimbo zake yenyewe: habari ya Snarky Puppy



Jumamosi iliyopita, nyuma ya repetisyo, mwalimu mmoja alitufungulia ndani ya simu yake muziki wa orkestra moja ya Marekani inayoitwa Snarky Puppy. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Tulisikiliza wimbo mzima bila mtu kuimba hata neno moja. Kisha maswali yakaanza. Mwimbaji yuko wapi? Hii ni jazz ao ni rock? Na swali la tatu, lile lililotufanya tukae mpaka kengele ya kulala: wale watu wanalipwa na nani?

Swali lile lilitugusa juu ya jambo ambalo wengi mnalijua. Kuna bwana mmoja wa mjini, sitamtaja jina, alikuja kuwaambia vijana wetu wa gitare: nitalipa studio, nitalipa safari, na ninyi mtanipa nyimbo zenu nane, zitakuwa zangu. Nusu ya kikundi wako tayari kutia sahihi. Nusu wanakataa. Mimi ninapiga besi katika kikundi kile, kwa hiyo msinihesabu kuwa mtu wa katikati. Lakini nimetafuta habari, na yale niliyopata ninawaandikia.

Kwanza muziki wenyewe. Ndugu mmoja wa mwaka wa 4 alisema jazz ni muziki wa wazungu. Hapana. Jazz ilizaliwa na Weusi wa Marekani, katika mji wa New Orleans. Namna yake ni hii: wanapiga sauti ya wimbo pamoja, kisha kila mmoja kwa zamu anatoka peke yake na kutunga palepale, bila kuandikiwa, wenzake wakishika njia chini yake. Kuelekea 1970 wapiga jazz wengine walianza kuchukua vyombo vya rock: gitare ya umeme, piano ya umeme, batiri ya kupigwa kwa nguvu. Miles Davis, mpiga tarumbeta, alitoa disiki In a Silent Way katika 1969, na wengi waliopiga naye waliondoka wakaunda orkestra zao: Weather Report, Mahavishnu Orchestra, na Herbie Hancock na kikundi chake. Mchanganyiko ule njo unaitwa fusion.

Juu ya mwimbaji aliyekosekana, nauliza: katika sebene yetu mwimbaji yuko wapi? Waimbaji wakinyamaza na gitare zikashika njia, hakuna mtu anayeuliza maneno yamekwenda wapi, wote wanasimama kucheza. Basi hawa jamaa ni sawasawa na watu waliokamata sebene na kuijenga nyumba yenye vyumba vingi.

Kuna ugumu pia. Nyimbo zetu nyingi zinahesabiwa kwa nne. Lakini wimbo wao mmoja, Lingus, unaanza kwa hesabu ya tano. Jaribuni kupiga kofi: moja, mbili, tatu, ine, tano, na palepale tena moja, bila kupumzika. Mpiga batiri wetu alipotea mara tatu, na mimi nilipotea mbele yake.

Sasa habari ya watu wenyewe. Orkestra ilianza katika 2004, katika mji wa Denton, Texas, karibu na Dallas. Aliyeianzisha ni Michael League, mpiga besi, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha North Texas. Chuo kile kinafundisha jazz tangu 1947, na wanafunzi wake wanajua kusoma noti kama vile sisi tunavyosoma tonik-solfa ya kwaya. Wenzake wa kwanza walikuwa wanafunzi kama yeye. Walilipa disiki zao za kwanza wenyewe. Walisafiri ndani ya kamioneti, mji kwa mji, wakilala chini katika nyumba za watu waliowapokea.

Lakini elimu ya chuo haikutosha, na hapa njo pahali ninapopenda kupita yote. League alianza kupiga besi katika kanisa za Weusi wa Dallas. Kule alikuta wapigaji waliokomaa ibadani: Robert Searight wa batiri, Shaun Martin wa klaviye, ambaye alifanya kazi miaka mingi na Kirk Franklin, yule wa nyimbo za Injili. Na alikuta mzee wao katika kazi, Bernard Wright, mpiga klaviye, aliyewafundisha sana. Ninyi mnaopiga siku ya Mungu mnajua: mhubiri anaweza kugeuza wimbo katikati, ao kuurudia mara kumi, na hakuna karatasi ya kukuonyesha. Unapashwa kumtazama na kusikiliza. Wale wanafunzi wa noti walijifunza kusikiliza namna ile, na muziki wao ukageuka. Mpaka leo nyimbo nyingi zinafundishwa kwa masikio: mtunzi anatengeneza mfano nyumbani, anautuma kwa wenzake, kila mtu anaushika kichwani, kisha wanatengeneza pamoja.

Hii ilionekana wazi katika 2013, kule Utrecht, Uholanzi, walipokamata sauti za disiki We Like It Here. Mpiga batiri Larnell Lewis aliitwa kwa haraka kutoka Canada. Alijifunza nyimbo ndani ya ndege, masikio yake tu yakifanya kazi, akafika akapiga. Ukisikiliza disiki huwezi kujua.

Nao wana namna yao ya kufanya disiki. Desturi ya studio ni kila chombo peke yake: leo batiri, kesho gitare, kesho kutwa sauti. Wao, tangu disiki Tell Your Friends ya 2010, walikaa wote katika chumba kimoja, wakapiga pamoja mara moja, na wasikilizaji wameketi katikati yao. Kila msikilizaji alivaa kaske, ile ya kufunika masikio, kusudi asikie vyombo vyote vimekwisha kupangwa vizuri, kama vile disiki itakavyotoka. Bila kaske, aliye karibu na batiri angesikia batiri tu. Na kamera zilikuwa zikifanya kazi, kisha picha zile zikawekwa katika intaneti, kila mtu atazame bure.

Bure! Wengi wetu tulicheka Jumamosi. Lakini kumbe picha zile njo zilifanya kazi ya matangazo, kazi ambayo kwa kawaida tajiri wa disiki anailipia, na kwa malipo hayo anakamata nyimbo. Mtu aliyetazama bure alinunua tiketi walipofika katika mji wake. Katika 2014 walipata zawadi ya Grammy kwa wimbo Something, walioufanya na mwimbaji Lalah Hathaway. Mama yule anafika pahali anatoa sauti mbili na zaidi kwa koo moja, wapigaji wenyewe wanashangaa mbele ya kamera. Katika 2015 walikuwa New Orleans pamoja na waimbaji wengi, Salif Keita wa Mali akiwa mmoja wao. Mpaka 2023 zawadi za Grammy zilikuwa tano.

Walianzisha nyumba yao ya disiki, GroundUP. Sisemi kwamba hawakufanya kazi na wakubwa hata kidogo: disiki Sylva ya 2015, waliyopiga na Metropole Orkest ya Uholanzi, ilitoka kwa Impulse!, nyumba kubwa ya zamani ya jazz. Lakini walikwenda pale wakiwa na jina tayari. Na uhuru wao una uchungu wake. Wapigaji ni zaidi ya ishirini wanaopokezana, na pesa ya jioni moja ikigawanywa kwa watu kumi inakuwa ndogo. Wengi wao wanapiga pia kwa wasanii wengine kusudi wale. Tena, kwa maoni yangu, nyimbo nyingine zimejaa vyombo mno, mtu hapati pahali pa kupumua.

Narudi kwa bwana wetu. Nimeelewa kwamba kuna vitu viwili, nasi tulikuwa tunavichanganya. Kuna wimbo, na kuna rekodi ya wimbo. Kwa desturi anayelipa studio anashika rekodi; wimbo unabaki kwa mtunzi, isipokuwa ameandika kwa mkono wake kwamba ameutoa. Bwana yule anaomba vyote viwili. Nyimbo tano kati ya nane zilitungwa na ndugu mmoja wa mwaka wa 5, ambaye katika mabishano yote hakuna aliyemwuliza. Mimi pia sikumwuliza. Nilimwuliza juzi, akasema anataka kwanza kusikia namna zinavyolia.

Kwa hiyo tutajaribu kama wale wa Denton: chumba kimoja, mara moja, simu ya mwalimu na mashini ndogo ya sauti ya kwaya. Mkutano ni Jumamosi, saa nane mchana, katika darasa la mwaka wa 6. Wale wanaotaka kutia sahihi waje pia. Mwenye kaske ya kuazimisha aniletee mbele ya Ijumaa. Tuko na mbili, tunahitaji nane.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa 6