Mshumaa wa Dirishani Dhidi ya Giza la Majira ya Baridi

Sisi tuishio karibu na Ikweta huona jua likizama takriban saa ile ile mwaka mzima. Kwa hiyo si rahisi kwetu kuufahamu mzigo ambao majira ya baridi huwatwika wakazi wa miji ya kaskazini ya dunia. Katika mji wa Montreal, nchini Kanada, ifikapo katikati ya Desemba jua huzama mara tu baada ya saa 10 jioni, nalo halichomozi tena hadi saa 1 na nusu asubuhi. Mfanyakazi hutoka nyumbani gizani na kurejea gizani. Mwezi wa Januari wastani wa baridi hufikia nyuzi 10 chini ya sifuri. Wazee hujifungia vyumbani, watoto hukosa mahali pa kuchezea, na uwanja wa mji, ambao ndio sebule ya wale wasio na sebule, hubaki mtupu.

Mji ufanye nini basi? Wengi watajibu kwamba ziongezwe taa. Lakini taa ya barabarani humwonyesha mtu njia ya kurudi kwake. Haimpi sababu ya kubaki nje pamoja na wenzake.

Mji wa Lyon, nchini Ufaransa, una jibu lililo bora zaidi, na jibu hilo halikubuniwa na wakubwa. Lyon ulikuwa mji wa wafumaji wa hariri, ambao mwaka 1831 na tena mwaka 1834 waliinuka kudai ujira wa haki. Mwaka 1852 ilipangwa kuzindua sanamu ya Bikira Maria juu ya kilima cha Fourvière. Mafuriko ya mto Saône yaliichelewesha kazi ya mchongaji, na sherehe ikaahirishwa hadi Desemba 8. Siku hiyo nayo ikaja na dhoruba, na viongozi wakasita. Jioni mbingu zikatakata. Bila kungoja amri ya mtu, wakazi wakawasha mishumaa madirishani mwao, nyumba baada ya nyumba, kisha wakashuka mitaani kuutazama mji wao uking'aa.

Desturi hiyo haikufa. Kila Desemba 8 familia za Lyon huweka mishumaa midogo ndani ya vikombe vya kioo na kuipanga madirishani. Mwaka 1989 mji ulianza mpango wa kuyaangaza majengo na madaraja yake, na tangu mwaka 1999 usiku ule mmoja umekuwa tamasha la siku kadhaa. Wasanii huja na mitambo ya kurushia picha, wakazifanya kuta za makanisa na majumba ya umma zionekane kama zinacheza. Umati wa wageni hufurika, nao wafanyabiashara hufurahi.

Lakini ni nini hasa kiini cha sherehe hii: mitambo au mishumaa? Jibu lilipatikana mwaka 2015. Novemba 13 mwaka huo washambuliaji waliwaua watu 130 mjini Paris na kando yake, na kwa ajili ya usalama tamasha la Lyon likafutwa. Mitambo haikuja. Hata hivyo, usiku wa Desemba 8 mishumaa iliwaka madirishani kama kawaida, safari hii kwa kuwakumbuka marehemu. Kile kilichokuwa mali ya wakazi wenyewe hakikuweza kufutwa.

Majira hayo hayo ya baridi, Montreal nao ulionyesha jambo linalofanana na hilo. Katika uwanja uitwao Place des Festivals ziliwekwa mbao 30 za kuchezea, zile ambazo mmoja akipanda mwenzake hushuka. Ndani yake mlikuwa na taa na vyombo vya sauti. Zikikaa bure, mwanga wake ulikuwa hafifu. Watu wakizipanda, ziling'aa zaidi na kutoa milio kama ya muziki. Aliyekuja peke yake hakuweza kuicheza. Ilimbidi amtafute mwenzake, hata awe mtu asiyemjua kabisa. Hivyo taa iligeuka kuwa sababu ya watu kusalimiana katikati ya baridi kali.

Hapa ndipo penye fundisho kwa kila mji, uwe wa theluji au wa jua. Pambo la kutazamwa tu huchosha upesi, na lisipotunzwa huharibika pasipo mtu kulilia. Uwanja huishi pale mwananchi anapopewa sehemu yake ya kutenda: mshumaa wa kuwasha, ubao wa kupanda, benchi la kukalia pamoja na jirani. Wapangaji wa miji, kabla hawajauliza bei ya taa, yafaa waulize kwanza: mama aliyemshika mtoto mkono, na mzee anayeishi peke yake, watakapofika hapa jioni, watafanya nini?