'Kipaumbele' au 'upole'? Tafsiri iliyonipotosha mbele ya tarakilishi

MAJUZI nilikuwa nikitumia tarakilishi ya idara, ile inayotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kuhesabu maneno katika matini za Kiswahili nilizokusanya kwa muda mrefu. Kazi yenyewe ilikuwa ya saa nyingi. Haukupita muda, mwanafunzi mmoja wa uzamili akabisha mlangoni.

"Samahani Mwalimu, programu yako imekula mashine yote. Sisi wengine tumekwama, na kesho tunawasilisha tasnifu. Tafadhali ipunguzie kipaumbele."

Ombi lilikuwa la haki, lakini sikutaka kuikatiza kazi iliyofika katikati. Akaniandikia amri kwenye kikaratasi: renice, nambari ya kipaumbele, kisha nambari ya utambulisho wa programu inayoendelea. "Kwa kawaida kipaumbele huwa sifuri," akasema, akaenda zake.

Nikawaza: kupunguza ni kushuka chini ya sifuri. Nikaandika hasi tano:

renice -n -5 -p 4321

Mashine ikakataa katakata, eti sina ruhusa. Ilikuwa bahati. Kama ingekubali, ningewabana wanafunzi wale zaidi ya hapo awali!

Kosa langu halikuwa la hesabu. Lilikuwa la lugha. Programu inapokuwa ikitendeka huitwa mchakato. Michakato inapokuwa mingi kuliko uwezo wa prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa tarakilishi, mfumo wa Linux huigawia muda. Kila mchakato wa kawaida una nambari kati ya -20 na 19 inayoathiri fungu lake. Lakini nambari hiyo haipimi kipaumbele. Hupima kile ambacho waundaji wa Unix katika maabara ya Bell, Marekani, walikiita 'nice' miaka ya 1970, yaani upole, hali ya kuwajali wengine. Mwenye 19 ni kama abiria muungwana anayewapisha wote mlangoni mwa matatu. Mwenye -20 ni yule anayepiga watu kumbo ili aingie kwanza.

Sasa tulitazame neno 'kipaumbele'. Ndani yake mna 'pa' na 'mbele': ni kile kinachompa mtu nafasi ya mbele. Lakini linapokutana na nambari, neno hili lina nyuso mbili. Tunasema 'kipaumbele kikubwa', tukimaanisha kwamba kinapoongezeka, mtu anasonga mbele. Papo hapo tunasema 'kipaumbele cha kwanza', ambapo nambari ndogo ndiyo inayotangulia. Basi ukiambiwa 'kipaumbele 10', utajuaje kama umepandishwa au umeshushwa? Mimi nilifuata uso wa kwanza, mashine ikafuata wa pili.

'Upole' hauna utata huo. Upole ukizidi, mwenye nao huwapisha wengine zaidi. Ndiyo maana napendekeza nambari hiyo tuiite 'kiwango cha upole', na 'kipaumbele' tukiachie matokeo yake: upole ukipanda, kipaumbele hushuka.

Kwa istilahi hiyo, amri zenyewe zinaeleweka bila taabu. Unapoanzisha kazi nzito, unaandika nice -n 10 kisha jina la programu. Ikiwa kazi tayari inaendelea, andika top uione nambari yake ya utambulisho. Kiwango cha upole kimo katika safu ya NI. Kisha unaandika:

renice -n 10 -p 4321

Hata ile ruhusa niliyonyimwa inaeleweka. Mtumiaji wa kawaida anaweza kuongeza upole wa michakato yake mwenyewe, lakini kwa kawaida hawezi kuupunguza. Hilo ni la msimamizi wa mfumo. Ukishajitolea kupisha, huwezi kurudi mbele ya foleni bila idhini yake.

Je, upole huu unagharimu kiasi gani? Mchakato wenye 0 ukigombania prosesa moja na wenye 10, wa kwanza hupata takriban asilimia 90 ya muda na wa pili takriban 10. Lakini asipokuwapo mshindani, ule mpole hutumia prosesa yote. Upole si uvivu. Ni kupisha penye msongamano tu.

Hata hivyo, tusiutwike upole mzigo usio wake. Unahusu hasa muda wa prosesa. Mashine ikilemaa kwa sababu kumbukumbu imejaa, nice haitaiokoa. Usomaji na uandishi wa diski nao una amri yake, ionice.

Wapo watakaosema istilahi ni mambo ya wasomi, bora mashine ifanye kazi. Lakini mwanafunzi wangu alinipa amri sahihi kabisa, nami nikaitumia kinyume kwa sababu ya neno moja. Istilahi nzuri humwonyesha mtumiaji upande wa kuelekea kabla hajagusa kibodi.

Basi nikaandika 10, na mashine ikakubali bila kinyongo. Wanafunzi wakaendelea na tasnifu zao. Hesabu yangu ikakamilika alfajiri, wenyewe wakiwa wamelala.