Penalti 22 Bila Kukosa, Nyeusi Mara 26

Robo fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Cairo, Februari 2006. Cameroon na Ivory Coast walitoka 1-1 baada ya dakika 120, wakaenda kwenye mikwaju ya penalti. Wakapiga wote 22, makipa wakiwemo, wala hakukosa hata mmoja. Zamu ikarudi mwanzo: Samuel Eto'o akakosa, Didier Drogba akafunga. 12-11.

Tuyahesabu maajabu hayo. Tuseme mpigaji hufunga penalti 3 katika kila 4. Ili 22 zote ziingie, robo tatu huzidishwa kwa yenyewe hadi zitimie 22, na jibu ni kama nafasi 1 katika 560. Wapigaji wakiwa hodari zaidi kidogo, 4 katika kila 5, jibu linakuwa 1 katika 135. Tofauti ndogo kwenye mkwaju mmoja imeongeza uwezekano mara nne! Kwangu hilo linapendeza kuliko rekodi yenyewe.

Ivory Coast hao hao waliifunga Ghana 11-10 kwa penalti katika fainali ya 1992, wakaifunga tena katika fainali ya 2015 kwa 9-8, kipa Boubacar Barry akiokoa mkwaju wa kipa wa Ghana kisha akifunga wa ushindi. Je, wana kipaji cha penalti? Mechi tatu ni chache mno kuthibitisha hilo.

Mfululizo uliotia hasara kuliko yote huenda ni wa Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913, kigololi cha ruleti kilipoangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Gurudumu lina vyumba 37: nyeusi 18, nyekundu 18 na sufuri. Uwezekano wa nyeusi 26 ni kama 1 katika milioni 137. Wacheza kamari walizidi kumwaga pesa kwenye nyekundu, wakiamini zamu yake imefika. Lakini gurudumu halina kumbukumbu: hata baada ya nyeusi 25, nafasi ya nyeusi nyingine ilibaki 18 katika 37. Natamani kila kijana anayejaza mkeka wa kubeti alijue hili.

Kuna pia yanayoonekana adimu na kumbe ni ya kawaida. Kombe la Dunia la 2014 lilikuwa na vikosi 32 vya wachezaji 23, na katika vikosi 16 walikuwamo wawili au zaidi waliozaliwa tarehe na mwezi mmoja. Ndivyo hesabu inavyotabiri, kwa sababu watu 23 wanaunda jozi 253, na kila jozi ni nafasi moja ya tarehe kulingana.

Na nikitaka mfano wa wingi wa njia za kupanga vitu, sihitaji kwenda mbali na baraza. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Ukihesabu namna zote za kuzigawa kete hizo mashimoni, hata zile ambazo mchezo hauwezi kuzifikia, unapata idadi yenye tarakimu 25.