Asili, Chimbuko, Chanzo na Mwanzo: Mipaka ya Maana katika Usomaji wa Habari za Miji ya Pwani ya Kusini

Nomino asili, chimbuko, chanzo na mwanzo hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni visawe. Makala haya yanaonesha kwamba kuzichanganya kunapotosha usomaji wa habari za miji kama Sudi, Lindi na Kilwa. Habari za Sudi zilichapishwa kwa Kiswahili katika mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka 1907, na tafsiri yake ya Kiingereza ikatolewa na Freeman-Grenville mwaka 1962.

Kimofolojia, chanzo na mwanzo zina mzizi mmoja, -anz-, lakini ngeli zimezitenga. Mwanzo hutaja nukta ya wakati au mahali. Chanzo hutaja kinachosababisha au kinachotoa. Ndiyo maana husemwa mwanzo wa mwezi na chanzo cha ajali, wala si kinyume chake. Chimbuko linatokana na kitenzi chimbuka, chenye uhusiano na chimba, na hubeba taswira ya kilichofichika chini kikajitokeza. Asili imetoholewa kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya msingi ni mzizi au shina. Methali isemayo mwacha asili ni mtumwa haikubali mwanzo badala ya asili: mwanzo hupita, ilhali asili hubaki ndani ya mtu na kizazi chake.

Kiingereza kina mgawanyo mwingine. Maneno 'origin' na 'source' yote mawili yanarejea kwenye vitenzi vya Kilatini vyenye maana ya kuinuka au kuchomoza. Mfasiri anayetumia 'origin' kila mahali huweza kufuta mpaka kati ya nasaba ya watu na wakati wa kuanza kwa makazi.

Kilwa ni mfano bayana. Tarikhi yake, ambayo João de Barros aliitumia katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1552, inaihusisha nasaba ya masultani na Shiraz. Neville Chittick, katika ripoti yake ya uchimbaji ya mwaka 1974, aliona kuwa makazi yalianza takribani karne ya 9, na nasaba hiyo ikatawala tangu mwishoni mwa karne ya 12. Basi asili inayodaiwa na watawala si mwanzo wa mji. Anayezichukulia kuwa kitu kimoja huwaondoa katika historia wakazi waliotangulia.

Kuhusu Sudi, tahadhari huanzia kwenye jina lenyewe. Linafanana na nomino sudi, yaani bahati njema, yenye asili ya Kiarabu. Hata hivyo, mfanano wa umbo pekee hauthibitishi chimbuko la jina la mji. Vivyo hivyo, msomaji wa habari zake hana budi kupambanua kila mara: je, msimulizi anaeleza watu ni wa ukoo gani, walitokea wapi, kwa nini walihama, au walianza lini kukaa hapo? Kila swali lina nomino yake.