Kabla ya kutia saini: namna ya kumchagulia mtoto klabu ya basketi

Mtoto anarudi kutoka masomo na karatasi mkononi. "Mama, kule uwanjani wanaandikisha watoto wa basketi. Wenzangu wameingia. Kocha amesema mimi nitakuwa mrefu." Mama anaangalia karatasi: jina la klabu, namba ya simu, pesa ya kila mwezi, nafasi ya saini ya mzazi. Hakuna neno lingine. Kwa kawaida jibu letu wazazi linategemea mambo mawili tu: kama pesa iko, na kama uwanja si mbali.

Mambo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Ukimwandikisha mtoto katika klabu, unampa mtu usiyemjua masaa mengi ya kila juma ya mtoto huyo, na mara nyingi mtoto atamsikiliza mtu huyo kuliko anavyokusikiliza wewe. Basi inafaa kujua cha kuangalia.

Tuseme kwanza kwamba mchezo wenyewe si adui wa kanisa. Ulianzishwa mwaka 1891, mjini Springfield, Marekani, katika shule ya YMCA, chama cha vijana Wakristo. James Naismith, Mkanada aliyekuwa amesomea theolojia, alitafuta mchezo wa kuwatuliza vijana waliofungiwa ndani na baridi, akatundika vikapu viwili vya matunda juu. Wazee wanaosema basketi ni mambo ya wahuni hawajui kwamba ilitoka nyumbani mwetu.

Tatizo liko kwenye ndoto ambayo mtu mwingine anaweza kuitumia vibaya. Watoto wetu wanajua kwamba Jonathan Kuminga alizaliwa Goma mwaka 2002, akaenda Marekani akiwa kijana mdogo, akachaguliwa wa saba kuingia NBA mwaka 2021, na mwaka uliofuata akawa bingwa pamoja na Golden State Warriors. Habari hiyo ni ya kweli na inafurahisha. Lakini kwa ajili ya kijana mmoja aliyefika kule, ni watoto wangapi wanaokimbia kila jioni kwenye viwanja vya Goma, Bukavu, Butembo, Uvira na Bunia? Mtu anayekuambia kwamba wako atafika, bado akiwa na miaka kumi na mbili, hajui anachosema, au anajua vizuri na anataka kitu kwako.

Mimi napenda kuwakumbusha wazazi habari ya Dikembe Mutombo, aliyefariki mwaka 2024. Wengi wanajua alicheza misimu 18 katika NBA, na kwamba alijenga hospitali Kinshasa yenye jina la mama yake, Biamba Marie, iliyofunguliwa mwaka 2007. Wachache wanajua kwamba alikwenda Marekani mwaka 1987 kwa bursi ya masomo, akitaka kuwa daktari. Basketi ya chuo kikuu cha Georgetown ilimkuta akiwa tayari mwanafunzi, na alimaliza masomo yake mwaka 1991 kabla ya kuingia NBA. Kwa hiyo klabu inayomwambia mtoto aache masomo kwa sababu ya mazoezi haiwezi kumtaja Mutombo kama mfano wake. Uliza kocha swali moja rahisi: biletini ikiwa mbaya, mnafanya nini? Kuna klabu ambazo kocha anaomba kuona biletini kila kipindi, na mtoto aliyeanguka anapunguziwa mazoezi mpaka ainuke. Mahali pengine kocha atacheka tu. Umepata jibu.

Siku moja mtu anaweza kuja nyumbani na maneno matamu zaidi. Anajiita ajenti. Amemwona mtoto akicheza, anajua shule fulani ng'ambo, viza haina shida, yanahitajika tu paspoti, cheti cha kuzaliwa na pesa kidogo za kuanzia. Familia inauza shamba. Hapa mzazi ajue mambo mawili. La kwanza, FIBA, shirikisho la basketi la dunia, hairuhusu mchezaji ahamishwe kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya kutimiza miaka 18, isipokuwa katika hali za pekee ambazo lazima zichunguzwe na kukubaliwa. Jambo la namna hiyo halimalizwi sebuleni kwako kwa siku mbili. Shirikisho la taifa, FEBACO, linapaswa kujua, na shule inayompokea inapaswa kuwa na jina, anwani na mtu unayeweza kuzungumza naye bila kupitia kwa ajenti. La pili, sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inasema kwamba mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Mtoto wa miaka kumi na tano aliye mrefu kuliko baba yake bado ni mtoto.

Usimpe mtu cheti cha kuzaliwa cha asili, mpe kopi. Usitie saini kwenye karatasi iliyoachwa wazi sehemu. Na mtu akikuambia mpunguze miaka ya mtoto kidogo ili acheze na wadogo zake, mkatalie pale pale. Anayefanya hivyo anadhani anamsaidia, lakini mtoto atabaki na cheti cha shule kinachosema mwaka mmoja na paspoti inayosema mwingine, na siku atakapoombwa zote mbili pamoja atakuwa peke yake mbele ya meza ya ofisi. Tena amefundishwa na wazazi wake kusema uongo juu ya siku aliyozaliwa.

Sasa turudi uwanjani. Nenda mwenyewe, bila kutangaza, na ukae dakika arobaini. Usiangalie mtoto mwenye kipaji. Angalia mtoto asiyejua. Je, anaguswa mpira, au amesimama kwenye foleni ndefu akingoja zamu huku watano wakubwa wakicheza? Kama watoto ni arobaini na mipira ni mitatu, mtoto wako atalipia kusimama. Kosa likifanyika, kocha anaonyesha namna ya kusahihisha, au anatukana? Kuna makocha wanaopiga watoto kwa fimbo na kuita hiyo nidhamu, na kuna wazazi wanaoipenda, kwa sababu nao walilelewa hivyo. Mimi sikubaliani nao. Mtoto anayepigwa kwa kukosa mpira anajifunza kuogopa mpira.

Kisha rudi siku ya mechi, na omba Mungu timu ipoteze. Si mzaha. Siku ya ushindi klabu zote zinafanana, lakini baada ya kushindwa utasikia kocha anavyowaambia watoto, utaona kama anamlaumu mwamuzi, na kama wale wa benchi walipata hata dakika mbili za kucheza. Na utafute mzazi mmoja ambaye mtoto wake aliondoka katika klabu hiyo, umwulize sababu. Wale ambao watoto wao bado wako watakupa mazuri tu. Aliyeondoka ndiye mwenye habari.

Kwa wadogo, angalia pia kikapu chenyewe. Duara ya wakubwa iko mita 3,05 juu ya uwanja. Kwa watoto wa miaka 12 na chini, mchezo unaoitwa mini-basketi huiweka mita 2,60, na mpira ni wa namba 5, mdogo na mwepesi. Wanaume wanatumia namba 7, wanawake namba 6. Mtoto wa miaka minane akipewa mpira namba 7 na duara ya juu, hawezi kurusha kwa mikono. Anausukuma kwa mwili wote kutoka kiunoni, na kosa hilo litamfuata miaka mingi. Kweli, klabu nyingi kwetu hazina uwezo wa kuwa na vikapu viwili. Lakini kocha anayejua kazi yake atapata njia: atashusha duara, au atawafundisha wadogo kupiga mpira chini, kupasiana na kukimbia, bila kuwalazimisha kurusha. Uliza pia juu ya maji, na juu ya viatu. Kwenye viwanja vya Goma, ambako mahali pengi chini ni jiwe la volkano, mtoto akianguka anachubuka vibaya, na kifundo cha mguu kinateguka haraka. Basi pawe na mtu anayejua la kufanya, na sanduku la dawa lisilo tupu.

Nimeacha jambo zito zaidi mpaka hapa. Mwaka 2021, nchini Mali, wachezaji wasichana wa timu za vijana za taifa walisema wazi kwamba walidaiwa ngono na makocha, na kwamba aliyekataa alinyimwa nafasi ya kucheza. Kocha mmoja alikamatwa, na FIBA ikafungua uchunguzi. Ilikuwa timu ya taifa, yenye viongozi, na yenye wazazi waliojivuna kwa ajili ya mabinti wao. Hata wavulana wanapatwa na mambo haya, na wao ndio wanaonyamaza zaidi.

Kwa hiyo uliza bila haya: nani anabaki na watoto mazoezi yakiisha? Kocha mmoja peke yake na mtoto mmoja, ndani ya chumba kilichofungwa au ndani ya gari, haifai, hata kama kocha huyo ni mwimbaji wa kwaya. Wasichana wanabadilisha nguo wapi? Kuna mwanamke katika viongozi, mtu ambaye binti anaweza kumwambia kwamba leo yuko katika siku zake? Klabu ikisafiri, kwa mfano kwa boti kutoka Goma kwenda Bukavu, watoto watalala wapi, na mzazi gani anaenda nao? Je, kocha anamwandikia mtoto ujumbe wa simu usiku, yeye peke yake, au anaandika kwa wazazi? Kwetu jua linazama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Mazoezi yanayoanza saa kumi na moja yatamrudisha mtoto gizani, na unajua njia zetu. Kocha mwema hatakasirika kwa maswali haya. Atafurahi kwamba umeuliza. Anayekasirika, mshukuru na urudi nyumbani na karatasi yako.

Na hapa sisi watu wa kanisa tuna udhaifu wetu. Tukisikia kwamba klabu inaanza mazoezi kwa maombi, tunatia saini. Hana alimpeleka Samweli katika nyumba ya Bwana kule Shilo, mahali patakatifu kuliko pote, na palepale watoto wa Eli walikuwa wakifanya uovu na wanawake mlangoni. Hana hakumwacha mtoto na kusahau. Alipanda kila mwaka na joho dogo alilomshonea, na ni vigumu kumshonea mtoto nguo inayomtosha bila kujua amekua kiasi gani. Klabu ya kanisa ichunguzwe sawasawa na klabu nyingine. Tena ningesema ichunguzwe zaidi, kwa sababu watoto wanakuja kwetu bila woga.

Ikiwa mtoto amekuambia kwamba alitendewa ubaya wa namna hiyo, mwamini, na usianze kwa kumwita kocha mkae meza moja mpatane. Mpeleke hospitali upesi, kabla ya masaa 72 kuisha, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinafanya kazi ndani ya muda huo. Mjini Bukavu kuna Panzi, hospitali ya ndugu zetu wa CEPAC. Mjini Goma kuna HEAL Africa. Hata kama masaa hayo yamepita, mpeleke.

Neno juu ya mabinti na kaptula, kwa sababu najua linaulizwa katika vikao vya wamama. Mimi naona tumezungumza sana juu ya magoti ya binti na kidogo sana juu ya macho ya wanaomtazama. Kuna kaptula ndefu, kuna suruali za kubana za kuvaa ndani. Jambo hilo linamalizwa na mshonaji.

Kuhusu Jumapili, ulizeni mapema. Mechi nyingi zinapangwa siku hiyo kwa sababu viwanja na watu viko huru. Familia moja itakubali mechi ya alasiri baada ya ibada. Nyingine itakataa kabisa. Yote mawili yanaweza kusemwa kwa heshima mwezi wa kwanza. Kinachomwumiza mtoto ni kuruhusiwa mwaka mzima, halafu kukatazwa siku ya fainali.

Pesa nayo iandikwe: ya mwezi ni ngapi, jezi ni nani anayenunua, safari analipa nani, na kila unapolipa upewe resi. Mtoto ambaye wazazi wake wamekosa mwezi mmoja anarudishwa mbele ya wenzake, au kocha anamwita mzazi kando? Kwa miaka hii ambapo watu wengi wamepoteza kazi na mashamba, swali hilo litamhusu karibu kila mmoja wetu.

Ukiisha kuridhika, mpe klabu mwezi mmoja. Katika mwezi huo, mtoto akirudi jioni, usimwulize kama walishinda. Mwulize alicheza na nani, na nani alimsindikiza. Asubuhi moja akisema hataki kwenda tena, usimlazimishe kwa sababu umekwisha kulipa. Kaa naye kwanza, ujue sababu.