Si kila mpira ni mpira wa tairi

Muhula uliopita nilimnyima mwanafunzi wangu alama mbili. Katika zoezi la tafsiri aliandika "mpira unaoyeyuka", nami nikamjibu pambizoni kwa wino mwekundu: mpira hauyeyuki! Baadaye nilikwenda kusoma kemia kidogo. Alama zake nimemrudishia.

Kosa langu ni kwamba nilikuwa nawaza tairi. Mpira mbichi, ule utomvu wa mti, hulainika na kunata ukipata joto. Mwaka wa 1839 huko Marekani, Charles Goodyear aligundua kuwa ukichanganywa na salfa na kupashwa moto huwa imara. Salfa hiyo hufunga molekuli za mpira, ambazo ni kama kamba ndefu, kwa vifundo visivyofunguka tena. Ukizidisha moto, tairi litaungua tu. Ndiyo maana fundi wa akala hulikata kwa kisu. Hawezi kuliyeyusha akalimimina kwenye kalibu.

Sasa, je, kama vifundo vingefunguka kwa joto na kujifunga vikipoa? Kampuni ya Shell ilianza kuuza mpira wa namna hiyo katika miaka ya 1960 kwa jina Kraton. Kila kamba yake ina stairini kwenye ncha zote mbili na butadieni katikati. Butadieni ndiyo inayonyumbuka. Stairini haipatani nayo, kwa hivyo ncha hutafutana zenyewe na kujikusanya katika vidonge vidogo mno, tena vikavu kama kioo. Vidonge hivyo ndivyo vifundo. Joto likikaribia digrii 100 hulainika, kamba zikaachana, na mpira ukaweza kumiminwa. Ukipoa, unanyumbuka kama kawaida.

Kiwandani, kemikali yenye madini ya lithiamu huanzisha kamba. Hutiwa stairini kwanza, ikiisha, butadieni, kisha stairini tena. Hilo huwezekana kwa sababu ncha ya kamba hubaki "hai", ikingoja kulishwa. Neno hilo ni la mwanakemia Michael Szwarc, 1956, nami nalipenda sana kwa sababu halihitaji kamusi. Unyevu kidogo au hewa ikipenya, ncha hufa, kwa hivyo kila kitu hukaushwa na kusafishwa kwanza.

Mpira huu hutumika kwenye soli za viatu, na huchanganywa na lami ya barabara. Tairi hauwezi: gurudumu likienda kasi hupata joto, na joto ndilo adui yake.

Wataalamu wa istilahi watapendekeza "elastoma ya thamoplastiki". Sina ugomvi nalo maabarani. Lakini mabaki ya soli hizi yanaweza kusagwa na kurudishwa mashineni, ya tairi hayawezi kuyeyushwa hivyo. Anayechambua taka akiambiwa tu kwamba vyote ni "mpira", atavitia gunia moja. Kwa mtu huyo, mimi nachagua maneno ya mwanafunzi wangu.